Jamanda, Jani na Kibuyu: Jinsi Zawadi za Chakula Zilivyofungwa Afrika Mashariki

Mwaka 1331 chombo kilichombeba Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tangier, kilitia nanga Mogadishu. Kabla abiria hawajashuka, mashua ndogo zilitoka pwani zikiwa na vijana, na kila kijana alikuwa na sahani ya chakula iliyofunikwa. Alipanda chomboni, akaiweka sahani mbele ya mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule alifikia kwa mwenyeji huyo, na kuuza na kununua kwake kote kukapitia kwa mwenyeji. Sahani moja iliyofunikwa ilibeba salamu, mwaliko na mkataba.

Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara, kwa hiyo alipelekwa kwa kadhi. Sultani wa mji alimpelekea sahani ya tambuu na popoo pamoja na marashi ya waridi ya Dameski. Siku zilizofuata aliletewa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kando yake maziwa ya mgando yenye malimau ya kuchachushwa, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Akaeleza kwamba embe likiwa bado bichi huwa kali kama limau, na wenyeji hulitia katika siki. Msomaji wa pwani akifika hapo hahitaji kuambiwa zaidi: anasoma habari za achari.

Yapata miaka 700 iliyopita, basi, mambo mawili yalikuwa yamekwisha kukutana katika mwambao huu. Palikuwa na chakula kilichotengenezwa makusudi kidumu, na palikuwa na desturi ya kukipeleka kwa mgeni kikiwa kimefunikwa. Vitabu vya mapishi vimelishughulikia jambo la kwanza. La pili, na pamoja nalo kazi ya mkono iliyosuka, iliyochonga na iliyofunga, limepewa nafasi ndogo mno, ingawa bila hiyo chakula kisingefika.

Sababu mojawapo ni kwamba jani huoza na kigae hubaki. Katika magofu ya Manda na Shanga, kwenye funguvisiwa la Lamu, na huko Unguja Ukuu, waakiolojia wamefukua vipande vya mitungi mikubwa iliyong'arishwa kwa rangi ya kijani na samawati, iliyotoka Ghuba ya Uajemi kati ya karne ya 8 na ya 10. Mitungi ya namna hiyo ilisafirisha bidhaa za majimaji zinazodumu, kama mafuta na asali ya tende. Vikapu vilivyopakiwa kando yake havikuacha alama. Hata hivyo usukaji wenyewe una ushahidi wa kale kuliko mitungi hiyo: Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinawataja watu wa kisiwa cha Menouthias waliovua kwa mitego ya kusuka, ndugu wa madema yanayotegwa hadi leo kutoka Lamu hadi Mtwara.

Kikapu cha pwani huanzia porini. Miyaa hukatwa kwenye mkoma, na ukindu kwenye mkindu, ambao majani yake ni membamba na laini, hivyo hufaa kazi ya kupendeza. Linalotafutwa ni jani changa ambalo bado halijafunguka. Huchanwa, huanikwa mpaka liwe jeupe, na lile la mapambo huchemshwa katika rangi. Kabla ya rangi za unga kufika madukani, weusi ulipatikana kwenye mizizi ya mdaa na umanjano kwenye bizari. Kisha majani husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaoviringishwa kadiri unavyokua, na ukili hushonwa kwa mzunguko, tabaka juu ya tabaka, mpaka umbo litokee.

Kazi hiyo haikuhitaji karakana. Wanawake wa Unguja, Pemba, Mafia, Lamu na vijiji vya mrima waliisuka barazani, wakati wa mazungumzo ya alasiri, wakati wa kumuuguza mtu, wakati wa kusubiri wali uive. Kwa sababu ilifanywa katikati ya shughuli nyingine, wanunuzi walizoea kuona kana kwamba haikuchukua muda wowote. Bei yake mpaka leo inabeba mzigo wa mazoea hayo.

Kila chombo kilikuwa na kazi yake. Pakacha lilisukwa kwa kuti bichi la mnazi kwa muda mfupi tu, likabeba maembe au samaki siku hiyo hiyo, na kesho yake likatupwa. Mianya yake ndiyo iliyozaa methali kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kanda, mfuko mrefu wa ukili, lilichukua nafaka. Jamanda, la mviringo na lenye kifuniko chake, lilitunza vitu vya heshima na kuvipeleka vilikokusudiwa. Kawa lilisukwa kwa umbo la pia, likapambwa kwa rangi, likafunika sinia.

Chakula cha zawadi hakikupita njiani wazi. Zilikuwapo sababu za wazi, kama vumbi na inzi, na zilikuwapo za heshima: anayepeleka hakutaka kuonekana anajionyesha, wala anayepelekewa hakutaka mtaa mzima ujue amepewa nini na kiasi gani. Methali ya funika kombe mwanaharamu apite inatoka katika dunia hiyo ya vyombo vilivyofunikwa. Mwezi wa Ramadhani desturi hii ilionekana kila machweo, watoto wakipishana vichochoroni na sahani za futari chini ya makawa, kila nyumba ikipeleka na kila nyumba ikipokea. Sahani ya jirani haikurudishwa tupu. Aliyekuwa na kaimati alitia kaimati, na aliyekuwa hana alitia ndimu mbili tatu.

Mila hiyo ilimfanya fundi wa ukili kuwa mtu muhimu katika mtaa. Kawa la bibi fulani lilijulikana kwa mpangilio wake wa rangi kabla halijafunuliwa, na mpokeaji alijua limetoka nyumba gani. Siku hizo hapakuwa na lebo. Mkono wa msukaji ulikuwa ndiyo lebo.

Halua ndiyo iliyoonyesha vizuri zaidi jinsi chakula na kifungashio vilivyokwenda pamoja. Ufundi wake umefungamana na Oman, na ulipata makao makubwa Zanzibar katika karne ya 19, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipohamishia kiti chake kisiwani. Wanga, sukari na samli hukorogwa kwa saa kadhaa katika sufuria kubwa juu ya moto wa kuni, bila mwiko kupumzika, kisha hutiwa iliki, kungumanga, zafarani, na lozi au korosho. Sukari nyingi na samli nyingi huizuia isiharibike upesi hata bila friji. Ndiyo maana ikawa zawadi ya safari: hutoka Unguja na kufika Mombasa, Dar es Salaam au Maskati ikiwa nzima.

Kifungashio chake cha asili Zanzibar ni kikapu kidogo cha kusukwa. Kinashika umbo, kinavumilia kubanwa katika mzigo, na mafuta kidogo yanayojitokeza hunywewa na majani badala ya kuchafua nguo. Tangu mapinduzi ya 1964 yalipowatawanya Wazanzibari wengi, hasa kwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba, vikapu vya halua vimekuwa miongoni mwa vitu vinavyosafiri kati ya ndugu wa pande mbili za bahari. Aliyekulia katika mitaa ya Ng'ambo au Malindi mjini Zanzibar akikipokea kikapu hicho Maskati hutambua kwao kabla hajaonja.

Bahari hiyo hiyo ilileta vifungashio kutoka upande wa pili. Kila msimu wa kaskazi majahazi ya Oman, Kuwait na Uajemi yalishuka hadi Mombasa na Zanzibar, na shehena yao kubwa ilikuwa tende. Tende za Oman na za Basra zilishindiliwa katika mifuko na vikapu vya majani ya mtende wenyewe. Mti mmoja ulitoa tunda na chombo cha kulibebea. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alipanda jahazi la Kikuwait huko Aden mwishoni mwa 1938, akafika nalo Zanzibar na delta ya Rufiji, ambako lilipakia boriti za mikoko. Alishuhudia miaka ya mwisho ya biashara hiyo ikiwa bado na nguvu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mafuta ya petroli yaliigeuza Kuwait, na safari za tanga zikapungua mwaka hadi mwaka.

Bara ilikuwa na njia zake. Magharibi ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Wahaya, zawadi ya kumpa mgeni ilikuwa kahawa ya kutafuna. Buni za robusta, mti wa asili wa ukanda ule, huchumwa zingali za kijani, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa na ganda lake mpaka zikauke kabisa. Zikishakauka hukaa miezi mingi. Richard Burton, aliyefika Kazeh, ambayo ni Tabora ya leo, mwaka 1857, alipata kwa wafanyabiashara wa Kiarabu habari za kahawa ya Karagwe, ufalme wa magharibi ya ziwa hilo, isiyonywewa bali kutafunwa, akaichapisha mwaka 1860. Historia hiyo ina jambo la utawala pia: kupanda mbuni hakukuwa ruhusa ya kila mtu, kwa kuwa wafalme wa Kihaya, bakama, waliudhibiti mti huo.

Punje hizo zilifungwa katika vifurushi vidogo vya majani makavu ya mgomba, vikazungushiwa kamba ya mgomba huo huo. Hakuna kifungashio ambacho kingeifaa nchi ile zaidi. Mgomba ulizunguka kila nyumba, jani lake kavu ni jepesi na halina harufu, nalo huruhusu hewa kupita kiasi cha kuzuia ukungu. Mwenyeji alimpa mgeni punje za kutafuna kabla mazungumzo hayajashika kasi, na mgeni aliondoka na kifurushi cha kupeleka kwao. Uzito wa punje hizo ulionekana katika omukago, kiapo cha udugu wa damu: wawili waliochagua kuwa ndugu walipaka damu yao kwenye vipande vya buni, na kila mmoja akameza cha mwenzake.

Ukoloni uliipa kahawa ya Bukoba, mji wa Wahaya, maisha mengine. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani pale mwaka 1890, na katika miongo iliyofuata zao hilo likawa la kuuzwa ng'ambo, likipimwa kwa ratili na kupakiwa katika magunia. Mwaka 1950 wakulima waliunganisha nguvu katika Bukoba Native Co-operative Union. Gunia lilileta fedha, shule na mabati ya nyumba. Kifurushi cha jani la mgomba hakikufa hata hivyo, kwa sababu kilifanya kazi ambayo gunia halikuweza, kazi ya kumkaribisha mtu.

Senene nao walifuata njia hiyo. Wadudu hawa huja kwa wingi baada ya mvua, hasa Novemba na Desemba, na wakikaangwa na kukaushwa hudumu. Kwa desturi ya zamani mwanamke wa Kihaya aliwakamata, akawatengeneza na kumpelekea mumewe wakiwa wamefungwa vizuri, ilhali yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwala. Mume alimshukuru kwa nguo mpya. Mwiko huo umelegea, na leo senene husafiri kwa basi hadi Dar es Salaam wakiwa ndani ya ndoo za plastiki, wakiliwa na wote.

Kwa Wakalenjin wa Bonde la Ufa nchini Kenya, chombo kimepiga hatua zaidi: kinashiriki kutengeneza chakula chenyewe. Mursik ni maziwa yanayochachuka ndani ya kibuyu kiitwacho sotet. Kibuyu hukaushwa, hutolewa mbegu, husafishwa, kisha ndani yake hupakwa masizi ya kijiti kilichochomwa cha mti wa senetwet. Masizi hayo huyapa maziwa ladha ya moshi na rangi ya kijivu inayoelekea samawati. Baada ya hapo maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, kifuniko cha ngozi hufungwa, na kibuyu huachwa siku au majuma kadhaa. Maziwa hayo hayo yakitiwa katika chupa hugeuka maziwa ya mgando tu. Kwa nje, kibuyu cha sherehe hupambwa kwa shanga na kauri, kazi ya wanawake wanaojua ruwaza za kwao.

Dunia imekifahamu kibuyu hicho kupitia riadha. Mwanariadha anaporudi na ushindi kutoka Olimpiki au mbio za marathoni, jamaa humpokea uwanja wa ndege kwa sotet, naye hunywa mbele ya kamera kabla ya kuhutubia. Ni desturi ile ile ya koito, sherehe ya kuposa, ambapo familia mbili hunywa mursik kuthibitisha makubaliano.

Rwanda nayo imekipa chombo cha kusuka heshima ya kitaifa. Agaseke, kikapu chenye kifuniko kirefu kilichochongoka, kilipeleka zawadi za harusi na za kutembeleana, na tangu 2001 kimo katika nembo ya taifa.

Mabadiliko makubwa yalikuja na bati, kioo na plastiki. Debe la mafuta ya taa, la galoni nne, lilienea Afrika Mashariki yote katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Likikwisha mafuta, lilioshwa likabeba samli, asali au nafaka, na likawa kipimo cha sokoni. Makopo ya mafuta ya kupikia yakafuata. Kioo kilileta faida ya kweli. Nicolas Appert alichapisha Ufaransa mwaka 1810 njia ya kuhifadhi chakula katika chupa zilizozibwa na kuchemshwa, na John Landis Mason wa Marekani akapata hataza ya chupa yenye shingo ya kusokota mwaka 1858. Jamu, iliyoingia Afrika Mashariki na wamisionari na walowezi, haiwezi kukaa katika ukili. Achari pia, yenye chumvi na ukali unaokula madini, ilikaa kwenye chupa ya kioo kwa amani, na nyumba za Mombasa na Unguja zikazoea kuianika juani ikiwa ndani yake.

Plastiki haikuleta faida ya namna hiyo. Ilileta wepesi na bei ndogo. Mabuyu ya Mombasa yenye sukari na rangi, yaliyouzwa katika pembe za karatasi, yakahamia kwenye vifuko vya nailoni. Halua ikaanza kuwekwa katika vibakuli vya plastiki. Kufikia miaka ya 1990 mfuko laini ulikuwa umelimaliza pakacha sokoni, na msichana wa mjini aliweza kuolewa bila kujua kuanza ukili.

Kisha serikali zikachukua hatua. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu inayofikia shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Wiki hizo vikapu vya ukili vilirudi masokoni Dar es Salaam. Ila sehemu kubwa ya pengo ilijazwa na mifuko mbadala inayotoka kiwandani, na msukaji wa kijijini alipata soko dogo kuliko alivyotarajia.

Nafasi yake halisi iko mahali pengine. Leo wanawake wengi wa Tanzania na Kenya hutengeneza jamu ya nanasi, ya rozela na ya embe, achari, siagi ya karanga na asali iliyochujwa. Tanzania wengi wao wamepitia mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973. Wanalalamikia jambo moja kila wanapokutana: vifungashio. Chupa nzuri ni ghali, nyingi huagizwa kutoka nje, na bidhaa iliyo katika chupa duni haiwekwi kwenye rafu. Wachache wameona njia. Chupa ya kawaida hufunikwa kitambaa cha kitenge au kanga, hufungwa kwa uzi wa ukindu, na hutiwa ndani ya kikapu kidogo kilichosukwa kwa kipimo chake. Kioo hufanya kazi ya kuhifadhi, ukili hufanya kazi ya heshima, na mtalii au mtu anayekwenda kutoa mahari hulipa zaidi kwa furaha.

Njia hiyo itadumu ikiwa msukaji atalipwa sawasawa na mpishi. Kwa sasa hali si hiyo. Mwenye jamu hupanga bei akihesabu matunda, sukari, chupa na lebo, kisha hukinunua kikapu kwa bei ya kutupa kwa sababu msukaji ni mwanamke wa kijijini asiye na risiti. Siku za kukata miyaa, kuanika, kupaka rangi, kusuka na kushona hazihesabiwi. Vijana wanaliona hilo na kuchagua kazi nyingine, nao wana haki.

Mkono mtupu haulambwi, na methali hiyo iwahusu pia wanaosuka. Anayeandaa zawadi ya Idi, ya Krismasi au ya harusi mwaka huu na akanunue halua, achari au kahawa ya kutafuna ikiwa imefungwa kwa kazi ya mkono, aulize nani amesuka, na alipe bei aliyotajiwa bila kuipunguza. Na mwenye bibi anayejua kushona jamanda akae naye sasa, ajifunze kuanza ukili, na ayaandike majina ya ruwaza zake.